Taa na pangaboi za darini zisituue kazini

Ingia katika chumba cha mafundi cherehani. Inua macho. Utaona nini juu? Utaona taa. Huenda utaona na pangaboi, yaani ile feni ya darini inayotuletea upepo. Je, umewahi kujiuliza nyaya zake zimefungwaje? Leo tujifunze habari hiyo, maana inahusu uhai wetu.

Umeme umefika kwetu

Mkoa wetu wa Morogoro ni mkoa wa umeme. Mitambo ya Kidatu hutumia maji ya Mto Ruaha Mkuu. Ilianza kuzalisha umeme mwaka 1975. Lakini kwa miaka mingi vijiji vingi viliona nyaya kubwa zikipita juu tu. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007. Tangu hapo umeme umesambazwa katika vijiji vingi. Mashine za kusaga, karakana za useremala na vyumba vya ushonaji vinautumia. Hayo ni maendeleo. Lakini jembe linalolima ndilo linaloweza kukukata mguu. Umeme nao ni hivyo hivyo.

Kwa nini umeme huua?

Umeme wa majumbani na karakanani una nguvu ya volti 230. Hauonekani wala hauna harufu. Ukishika waya ulio wazi, umeme hupita mwilini kwenda ardhini. Ukipita kifuani, moyo unaweza kusimama. Hata umeme mdogo kuliko ule unaowasha balbu moja ya wati 60 unaweza kuua. Mtu mwenye mikono iliyolowa au aliyesimama pekupeku sakafuni yumo katika hatari zaidi.

Darini kuna hatari gani?

Waya wa darini umejificha, hivyo ukiharibika huoni. Panya hutafuna ngozi yake. Jua likipiga bati, joto la darini hukausha ngozi hiyo mpaka ipasuke. Huku Uluguru mvua ni nyingi. Bati likivuja, maji hufuata waya mpaka kwenye taa. Waya uliochubuka ukigusa bati, bati lote laweza kuwa na umeme. Katika mashine ya kusaga na kwa seremala, vumbi la unga na la mbao hutua kwenye viungo vya nyaya. Kiungo kilicholegea hupata moto, na vumbi hilo huweza kuwaka.

Pangaboi lina hatari nyingine. Ni zito na linatikisika likizunguka. Likifungwa vibaya litaanguka juu ya watu.

Ufungaji ulio salama

1. Tumia fundi mwenye leseni. Leseni za mafundi umeme hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA. Mwambie fundi akuonyeshe leseni yake. Si utovu wa adabu kuuliza. Kumbuka kuwa nyaya kutoka kwenye mita kuingia ndani ni wajibu wa mwenye jengo.

2. Pangaboi lining'inizwe kwenye kenchi au boriti imara, kwa ndoano ya chuma na nati zilizokazwa. Lisishikiliwe na ubao wa dari peke yake. Lisining'inizwe kamwe kwa waya wake. Mapanga yawe juu kiasi kwamba mtu mrefu akinyoosha mkono asiyafikie.

3. Nyaya zipite ndani ya bomba la plastiki. Bomba huzuia panya na maji. Viungo viwe ndani ya kisanduku chenye kifuniko. Kusokota nyaya mbili na kuzifunga kwa mfuko wa nailoni ni kutega kifo.

4. Swichi ikate waya wenye umeme. Katika nyaya za zamani waya huo ni mwekundu. Katika nyaya mpya ni wa kahawia. Waya wa kurudishia umeme ni mweusi kwa zamani na wa buluu kwa sasa. Fundi akikosea na kuweka swichi kwenye waya wa kurudishia, taa itazimika lakini umeme utabaki pale juu. Atakayebadilisha balbu anaweza kupigwa.

5. Waya wa ardhi usiachwe. Rangi yake ni kijani, au kijani na njano. Huo hupeleka umeme uliovuja ardhini, na fyuzi au kikata umeme hufanya kazi. Fundi akisema si lazima, mkatalie. Weka pia kile kifaa kinachokata umeme chenyewe unapovuja. Bei yake ni ndogo kuliko gharama ya msiba.

6. Fyuzi ikiungua, usiweke kipande cha waya mnene au msumari. Fyuzi imeungua kwa sababu. Tafuta sababu hiyo.

Kabla hujapanda ngazi

Usizime swichi ya ukutani tu. Zima swichi kuu, kisha mweke mtu ailinde ili mwingine asiiwashe. Tumia ngazi ya mbao iliyo kavu. Hata mshtuko mdogo waweza kukutupa chini ukavunjika shingo. Ukiona taa inapepesa, pangaboi linayumba au swichi ina joto, zima na uite fundi. Usingoje kesho.

Mtu akipigwa na umeme

Usimshike! Utanaswa na wewe. Zima swichi kuu kwanza. Kama huifikii, simama mahali pakavu, umsukume kwa mti mkavu mpaka aachane na waya. Usimmwagie maji wala kumfukia mchangani. Tazama kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali. Weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua. Bonyeza kwa nguvu na kwa haraka, zaidi kidogo ya mara moja na nusu kwa sekunde. Endelea bila kuchoka, mpokezane, huku mwingine akitafuta gari. Hata akizinduka, mpelekeni zahanati au kituo cha afya. Umeme huunguza ndani ya mwili pasipoonekana, na moyo waweza kusumbua baadaye.

Ndugu msomaji, kesho ukifika kazini inua macho kabla hujakaa kwenye cherehani yako.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini swichi ikate waya wenye umeme?
2. Pangaboi la mahali penu pa kazi linashikiliwa na nini?
3. Swichi kuu iko wapi? Je, wote mnaijua?