Baiskeli ya Umeme

Ukisimama asubuhi kando ya barabara katika mji wa Tanga, utaona baiskeli nyingi zikipita. Mwalimu huenda shuleni kwa baiskeli. Fundi hubeba vyombo vyake juu ya baiskeli. Mchuuzi hutoka soko la samaki la Deep Sea akiwa amefunga tenga nyuma yake. Sehemu kubwa ya mji huu ni tambarare, na barabara za Ngamiani zimenyooka. Kwa sababu hiyo baiskeli imekuwa chombo kinachowafaa watu wake tangu zamani.

Siku hizi kuna baiskeli za namna nyingine. Kwa mbali hufanana na baiskeli za kawaida, kwani zina magurudumu mawili, usukani, mnyororo na pedali. Lakini mpandaji wake hachoki upesi, kwa kuwa husaidiwa na umeme. Katika somo hili utajifunza jinsi baiskeli ya umeme inavyofanya kazi, jinsi ya kupima umeme wake kabla ya safari, na jinsi ya kuichaji bila ya kuhatarisha maisha ya watu.

Dainamo na mota

Bila shaka umepata kuona dainamo ya baiskeli. Ni kichupa kidogo cha chuma kinachogusana na tairi. Gurudumu likizunguka, dainamo nayo huzunguka, na taa ya mbele huwaka. Mpandaji aliye makini atakuambia kwamba dainamo ikigusa tairi, pedali huwa nzito zaidi. Hii ni kwa sababu taa haiwaki bure. Nguvu ya miguu yake ndiyo inayobadilika kuwa umeme.

Mota hufanya kazi iliyo kinyume cha hiyo. Dainamo hupokea mzunguko ikatoa umeme, na mota hupokea umeme ikatoa mzunguko. Ndani ya mota mna sumaku na waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita katika waya huo, waya nao huwa kama sumaku. Sumaku hizo mbili husukumana na kuvutana, na gurudumu huzunguka. Katika baiskeli nyingi za umeme, mota imewekwa katikati ya gurudumu la nyuma au la mbele.

Fikra hii si mpya. Mwaka 1895 Mmarekani mmoja aliyeitwa Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli yenye mota katika gurudumu la nyuma. Lakini betri za wakati ule zilikuwa nzito mno. Betri nyepesi za lithiamu zilianza kuuzwa mwaka 1991, na wataalamu watatu waliozivumbua na kuziendeleza walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Betri hizo ndizo zilizoifanya baiskeli ya umeme ifae kwa matumizi ya kila siku.

Betri ni ghala

Betri haiumbi nishati. Ni ghala tu. Mkulima aliyeweka magunia kumi ya mahindi ghalani hawezi kutoa kumi na mawili. Kadhalika, betri haiwezi kutoa umeme zaidi ya ule uliowekwa ndani yake. Kwa hiyo mwenye baiskeli ya umeme hana budi kujua ghala lake lina kiasi gani.

Tazama maandishi yaliyo juu ya betri. Utaona namba mbili zilizo muhimu. Ya kwanza ni volti, na ya pili ni ampea-saa. Ukizizidisha namba hizo, utapata wati-saa, yaani kiasi cha nishati kilichomo ndani ya betri iliyojaa.

Tuseme betri ina volti 36 na ampea-saa 10.

36 × 10 = 360

Basi betri hiyo ina wati-saa 360. Betri ya lithiamu yenye kiasi hicho huwa na uzito wa kilo mbili au tatu hivi. Betri ya risasi na asidi yenye kiasi hicho hicho huweza kufikia kilo kumi au zaidi.

Hesabu ya safari

Sasa tuitumie elimu hiyo. Mchuuzi mmoja wa Tanga anataka kupeleka samaki Muheza kwa baiskeli ya umeme yenye betri tuliyoitaja. Safari ni ya kilomita 35 hivi. Samaki hawangoji. Jua likiwapata njiani, wataharibika, na mtaji wake utapotea. Je, atafika?

Tuchukulie kwamba baiskeli yenye mzigo, ikienda kwa mwendo wa wastani bila ya mpandaji kukanyaga pedali, hutumia wati-saa 12 kwa kila kilomita katika njia tambarare.

35 × 12 = 420

Tayari hesabu imezidi wati-saa 360. Lakini hiyo siyo yote. Tanga iko kando ya bahari, na Muheza iko juu, karibu mita 200 kutoka usawa wa bahari. Ili kuupandisha mzigo juu, nishati ya ziada inahitajika. Tuseme mchuuzi, baiskeli na samaki kwa pamoja wana kilo 120. Kila kilo moja huvutwa na dunia kwa nguvu ya nyutoni 10 hivi.

120 × 10 × 200 = 240,000

Jibu hilo ni jouli 240,000. Wati-saa moja ni sawa na jouli 3,600. Kwa hiyo mlima huo unadai wati-saa 67 hivi, hata kabla ya kuhesabu umeme unaopotea kuwa joto ndani ya mota.

420 + 67 = 487

Mchuuzi akiiachia mota kazi yote, betri itakwisha kabla hajafika. Ndipo atakapobaki njiani, akisukuma baiskeli nzito huku jua likipanda.

Lakini fikiri tena. Baiskeli hii ina pedali. Mchuuzi akikanyaga tangu mwanzo wa safari, na miguu yake ikafanya nusu ya kazi, mota itadaiwa nusu tu, yaani wati-saa 244 hivi. Atafika Muheza salama, na katika betri zitabaki wati-saa 116. Kurudi atateremka, na mteremko utamsaidia. Hata hivyo, akiwa na busara ataichaji betri huko Muheza wakati anapouza samaki wake.

Hili ndilo jambo kuu katika somo hili: fanya hesabu kabla ya kuondoka, na usiyasahau miguu yako mwenyewe. Asiyehesabu nyumbani atahesabu njiani.

Upepo na mwendo

Watu wa pwani huujua upepo. Kuanzia mwezi wa Aprili hivi hadi Septemba huvuma kusi. Kuanzia Desemba hivi hadi Machi huvuma kaskazi. Mabaharia walipanga safari zao kwa kuzifuata pepo hizo. Mpanda baiskeli naye apaswa kuzijua. Pangani iko kusini mwa Tanga. Ukienda huko wakati wa kusi, upepo utakukabili usoni, na betri itakwisha upesi kuliko kawaida.

Mwendo nao hula umeme. Hewa humzuia kila anayepita ndani yake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kizuizi cha hewa huongezeka mara nne. Anayekwenda polepole huenda mbali zaidi.

Umeme unatoka wapi?

Betri hujazwa kwa umeme wa nyumbani. Umeme huo nao una asili yake. Theluji na mvua za Kilimanjaro na mvua za Meru hulisha mito inayoingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na maji ya bwawa hilo hushuka kwa Mto Pangani. Huko Hale, mkoani Tanga, maji huzungusha mitambo ya kufua umeme iliyoanza kazi mwaka 1964 ikiwa na uwezo wa megawati 21. Chini zaidi kuna kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani, kilichoanza kazi mwaka 1995 na chenye uwezo wa megawati 68. Umeme wa vituo hivyo huingia katika Gridi ya Taifa pamoja na umeme wa vituo vingine vya nchi.

Tazama basi jinsi nishati inavyobadilika. Maji yanayoshuka huzungusha mtambo. Mtambo hutoa umeme. Umeme huhifadhiwa katika betri kwa njia ya kemia. Betri huendesha mota, na mota huzungusha gurudumu.

Umeme wa nyumbani hupimwa kwa uniti. Uniti moja ni wati-saa 1,000. Ili kujaza betri ya wati-saa 360, utatumia wati-saa 420 hivi, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kuwa joto ndani ya chaja na betri. Uniti moja yaweza kuijaza betri hiyo mara mbili, na kiasi kidogo kikabaki.

Kuchaji betri

Chaja ni chombo kinachopunguza umeme wa nyumbani na kuufanya ufae kuingia katika betri. Chaja itoayo ampea 2 hujaza betri ya ampea-saa 10 kwa muda wa saa 5 au zaidi kidogo. Usiwe na haraka. Umeme ukiingizwa kwa nguvu kupita kiasi, betri hupata joto na kuharibika.

Betri ya lithiamu ina faida nyingi, lakini ina hatari yake. Ikipasuka, ikilowa ndani au ikichajiwa vibaya, yaweza kushika moto mkali unaotoa moshi wenye sumu. Kwa hiyo zishike sana kanuni hizi:

1. Tumia chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya betri hiyo. Chaja ya betri nyingine, hata ikiwa plagi yake inaingia, yaweza kuleta moto.

2. Chaji betri mahali pakavu penye hewa na kivuli. Usiiweke juani, juu ya godoro, wala karibu na jiko.

3. Usichaji betri mlangoni au katika ujia wa nyumba. Moto ukitokea hapo, watu waliomo ndani hawatakuwa na njia ya kutokea.

4. Usichaji betri usiku watu wakiwa wamelala. Betri ikijaa, chomoa chaja.

5. Baada ya safari ndefu, iache betri ipoe kabla ya kuichaji.

6. Betri iliyovimba, iliyopasuka au inayotoa harufu ngeni isichajiwe tena. Iweke nje, mbali na nyumba, na umwite fundi.

Betri ikitoa moshi, usijaribu kuishika. Toka nje, waite wakubwa, na wapigie Zimamoto kwa namba 114. Baiskeli hununuliwa tena, lakini uhai haununuliwi.

Kuendesha na kutunza

Baiskeli ya umeme haina mlio. Mtoto anayevuka barabara hataisikia, wala mzee anayetembea mbele yako. Piga kengele mapema, na punguza mwendo penye watu. Kwa kuwa ni nzito kuliko baiskeli ya kawaida, huchelewa kusimama. Jaribu breki zote mbili kila siku kabla ya kuondoka, vaa kofia ngumu, na usiondoke kwa ghafula.

Upepo wa bahari huchukua chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Panguse vyuma vya baiskeli mara kwa mara kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo yasiyo ya chumvi, kisha uvikaushe. Usiipitishe baiskeli katika maji ya bahari wala katika madimbwi marefu wakati wa masika, kwani maji yakiingia ndani ya mota au viungo vya waya, vitaharibika.

Kumbuka pia kwamba betri huzeeka. Betri nyingi za lithiamu hudumu kwa kuchajiwa mara 500 hadi 1,000, kisha huanza kupungukiwa na uwezo. Mwenye baiskeli mwenye busara huweka akiba kidogo kila mwezi ili siku hiyo isimkute mikono mitupu. Betri iliyokufa isitupwe baharini, shimoni wala katika moto. Irudishwe kwa muuzaji au kwa fundi anayezikusanya.

Zoezi

1. Eleza tofauti iliyopo kati ya dainamo na mota.

2. Betri ina volti 48 na ampea-saa 10. Je, ina wati-saa ngapi?

3. Baiskeli yenye betri hiyo hutumia wati-saa 12 kwa kila kilomita. Itakwenda kilomita ngapi katika njia tambarare kabla ya betri kwisha?

4. Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kutoka Tanga mjini. Je, betri ya swali la pili yatosha kwenda na kurudi? Onyesha hesabu yako.

5. Kwa nini ni hatari kuchaji betri mlangoni? Zungumza na watu wa nyumbani kwenu, kisha chagueni pamoja mahali palipo salama pa kuchajia.