Kompyuta ya zamani bado ina kazi, lakini isiguse benki

Wafanyabiashara wengi wadogo na vyama vya msingi vya ushirika wanategemea kompyuta zilizonunuliwa miaka 10 au 15 iliyopita. Ndani yake kuna hesabu za mazao, orodha za wanachama na madeni ya pembejeo. Mashine inawaka na printa inatoa karatasi. Tatizo huanza pale mwenye mashine anapotaka kufungua tovuti ya benki, kuomba leseni au kutazama bei. Ukurasa unabaki mweupe, au linatokea onyo kwamba mawasiliano si salama.

Wengi hudhani kasoro ni ya mtandao, hivyo huongeza bando. Wengine humwita fundi, naye huwashauri wanunue mashine mpya. Hatua zote mbili zinaweza kuwa gharama isiyo ya lazima.

Suala hili si dogo kwa mtu wa biashara. Usajili wa majina ya biashara na kampuni kwa BRELA unafanyika kwa njia ya mtandao. Zabuni za serikali zilihamia kwenye mfumo wa NeST mwaka 2023. Katika msimu wa korosho wa 2024, minada iliendeshwa kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Anayeshindwa kufungua kurasa hizi hulipa nauli, hulipa mtu wa kumjazia fomu, au hukosa nafasi kabisa.

Kwa nini kurasa hazifunguki

Sababu ya kwanza ni umri wa programu endeshi. Windows XP iliingia sokoni mwaka 2001, na Microsoft ikaacha kuihudumia Aprili 8, 2014. Windows 7 ilifuata Januari 14, 2020. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025. Programu iliyoachwa haizimiki. Inaendelea kuwaka kama kawaida, ila matundu mapya ya usalama hayazibwi.

Vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti, navyo hufuata. Chrome iliacha kuhudumia XP mwaka 2016 na Firefox ikaiacha mwaka 2018. Kwa Windows 7, toleo la mwisho la Chrome ni namba 109 la mwaka 2023. Tovuti za leo zimeandikwa kwa lugha ambazo kivinjari cha zamani hakizielewi, ndiyo maana vitufe havibonyezeki au ukurasa unakuja nusu.

Sababu ya pili ni kufuli. Unapofungua tovuti ya benki, kompyuta na tovuti hukubaliana kwanza namna ya kuficha maneno yanayopita kati yao. Utaratibu huo unaitwa TLS. Internet Explorer 8, ambayo ni ya mwisho kwa XP, inajua TLS 1.0 tu. Mwaka 2020 vivinjari vikubwa viliacha kukubali TLS 1.0 na 1.1, na tovuti nyingi za fedha hazizipokei tena. Hapo hata bando la kasi kubwa halisaidii.

Sababu ya tatu ni vyeti. Kila tovuti makini hubeba cheti cha kuthibitisha kuwa ni yenyewe, na kompyuta huwa na orodha ya watoa vyeti inaowaamini. Mashine isiyopata masahihisho hubaki na orodha iliyochakaa. Septemba 30, 2021, cheti kikuu kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi duniani kiliisha muda, na vifaa vingi vya zamani vikaanza kuzikataa tovuti zisizo na kosa lolote.

Anza na tarehe

Kabla ya kulipa fundi, tazama tarehe na saa ya kompyuta. Ndani ya mashine kuna betri ndogo ya duara, aghalabu yenye maandishi CR2032. Ikifa, kompyuta hurudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma kila inapozimwa. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, hivyo mashine inayodhani tuko mwaka 2009 itavikataa vyote. Rekebisha tarehe, kisha badilisha betri.

Kuna kanuni rahisi ya kusoma onyo la usalama. Likitokea kwenye karibu kila tovuti, kosa huenda liko kwenye mashine yako. Likitokea kwenye tovuti moja tu, huenda ni kosa la tovuti hiyo au ni mtego wa matapeli. Kwa hali yoyote, usibofye kuendelea na kuingiza namba ya siri ya benki.

Tarehe ikiwa sahihi, angalia una programu gani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Uliza pia mashine ina kumbukumbu, yaani RAM, kiasi gani. Majibu hayo mawili ndiyo yatakayoamua hatua yako.

Njia tatu za kuchagua

Njia ya kwanza ni kuigawa kazi. Mashine ya zamani ibaki na hesabu na barua bila kuunganishwa kwenye intaneti, na mambo ya fedha yafanyike kwenye simu inayopokea masahihisho. Nakala za hesabu ziwekwe kwenye flashi mbili, moja isikae ofisini.

Njia ya pili ni kubadili programu endeshi. Linux Mint haiuzwi, hupatikana bure, na inahitaji kumbukumbu ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora zaidi. Inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya mashine. Hata hivyo, programu nyingi za hesabu zilizotengenezwa kwa Windows hazitafanya kazi humo. Jaribu kwanza printa na mafaili yako, na utoe nakala ya kila kitu kabla ya kufuta chochote.

Njia ya tatu ni kununua mashine nyingine. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa mahindi wa kijiji cha jirani na Kibaigwa. Tuseme kila safari ya kwenda kutumia mtandao mjini inamgharimu Sh11,000, nauli na ada pamoja, naye huenda mara mbili kwa wiki. Hiyo ni Sh22,000 kwa wiki, au Sh1,144,000 kwa mwaka. Kompyuta ya mtumba ya Sh450,000 itarudisha gharama yake ndani ya miezi mitano. Lakini kama huenda mara moja tu kwa mwezi, anatumia Sh132,000 kwa mwaka, na mashine hiyo itachukua zaidi ya miaka mitatu kujilipa. Huyu wa pili abaki na njia ya kwanza au ya pili. Weka tarakimu zako mwenyewe uone uko upande gani.

Anayenunua mtumba awe makini. Windows 11 inadai kumbukumbu ya GB 4, na kwa kawaida prosesa ya mwaka 2018 au baada ya hapo. Muuzaji anaweza kukuwekea Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine isiyokidhi, nawe ukakwama kwenye masahihisho ya baadaye. Uliza mwaka wa prosesa kabla ya kuuliza bei.

Hasara kubwa zaidi

Kutofungua ukurasa ni usumbufu. Kupoteza vitabu vya hesabu ni hasara ya msimu. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili na kudai dola 300 kuyafungua. Tundu kilichopitia lilikuwa limezibwa na Microsoft miezi miwili kabla, Machi 2017. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimesahihishwa.

Kwa chama chenye wakulima 200, faili moja la madeni ya pembejeo linaweza kuwa na thamani kuliko kompyuta yenyewe. Kwa hiyo kazi ya kwanza wiki hii ni flashi mbili na nakala ya hesabu. Tarehe, kivinjari na mashine mpya vinaweza kufuata baada ya hapo.