Hamira inayovamia ubongo na protini zinazoiongoza

MAUMIVU ya kichwa yanayodumu kwa wiki kadhaa, yakiambatana na homa na kukakamaa kwa shingo, ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria katika mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, ambako malaria imezoeleka. Hata hivyo, kwa mgonjwa mwenye virusi vya Ukimwi (VVU) ambaye kinga yake imeshuka sana, awe huko ziwani au katika milima ya kahawa ya Mbinga, chanzo kinaweza kuwa fangasi aitwaye Kriptokokasi.

Fangasi huyo ni aina ya hamira, ndugu wa mbali wa ile inayoumua mandazi. Hupatikana kwenye udongo, miti inayooza na kinyesi cha njiwa, na binadamu humvuta kwa pumzi. Kinga ikiwa imara humdhibiti. Ikidhoofika, huzaliana mapafuni, huingia kwenye damu na hatimaye hufika ubongoni, ambako husababisha homa ya uti wa mgongo.

Kuzaliana huko hufanyika kwa seli kugawanyika. Seli hunakili vinasaba vyake, hutoa kichipukizi, kisha hukipa nakala moja. Ratiba ya kazi hiyo husimamiwa na protini ziitwazo saiklini. Kiwango chake kinapopanda, hujishikiza kwenye vimeng'enya vinavyotoa amri ya kuanza hatua fulani. Hatua ikikamilika, saiklini husagwa ili nyingine zishike zamu.

Protini hizo ziligunduliwa mwaka 1982 na Mwingereza Tim Hunt, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Leland Hartwell na Paul Nurse. Nurse alifanya utafiti wake kwa hamira iliyotambuliwa mwaka 1893 katika pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki. Ndiyo maana jina lake la kisayansi, Schizosaccharomyces pombe, limebeba neno la Kiswahili.

Kriptokokasi ana namna yake ya kutumia ratiba hiyo. Akiwa mapafuni, baadhi ya seli zake husimama baada ya kunakili vinasaba, bila kutoa kichipukizi. Kisha huendelea kunakili tena na tena hadi kuwa majitu ambayo seli za kinga haziwezi kuyameza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa saiklini iitwayo Cln1 ndiyo inayozuia hali hiyo isipite kiasi. Ilipoondolewa, majitu yaliongezeka mno katika mapafu ya panya. Majitu hayo huweza kuzaa seli zenye vinasaba tofauti, nyingine zikiwa sugu kwa dawa.

Dawa zilizopo hazilengi saiklini, kwa kuwa seli za binadamu nazo huongozwa na protini za jamii hiyo hiyo. Badala yake, amfoterisini B hutoboa utando wa seli ya fangasi, na flusitosini huzuia utengenezaji wa vinasaba, hivyo seli hushindwa kugawanyika. Utafiti uliofanyika Tanzania, Zambia, Kameruni na Malawi, nchi iliyo ng'ambo ya ziwa, ulibaini mwaka 2018 kuwa wiki moja ya dawa hizo mbili kwa pamoja iliokoa maisha zaidi kuliko matibabu mengine yaliyolinganishwa nayo. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya aina maalumu, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14.

Hata hivyo, kuwahi ni muhimu zaidi. Kipimo cha tone la damu huweza kugundua alama za fangasi huyo wiki kadhaa kabla ya kichwa kuuma. WHO inapendekeza kipimo hicho kwa wenye VVU ambao CD4 zao ziko chini ya 100, na kinaweza kutolewa hadi kiwango cha 200. Mgonjwa wa aina hiyo ambaye kichwa kinaendelea kumuuma baada ya kutibiwa malaria anapaswa kurudi hospitalini bila kuchelewa.