CHUMBA CHA WAGENI WAKATI WA MLIPUKO WA UGONJWA

 

Leo tunazungumza na mama anayekodisha chumba kwa wageni wa siku mbili tatu. Wageni wetu ni jamaa za wagonjwa waliolazwa Eldoret, wakimbiaji waliokuja kwa mazoezi, na madereva wa malori ya kwenda Malaba. Pesa zao hulipa karo na kununua unga.

Mnakumbuka mwaka wa 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, hadi Julai. Mgeni angetoka wapi? Vyumba vilibaki vitupu, na watoto wako nyumbani, shule zimefungwa, wanataka chakula.

Wenye vyumba walifanyaje? Wengine walipangisha kwa mwezi. Bei ilishuka, lakini mpangaji alikuwa mmoja, tena anayejulikana. Wengine walimwomba mgeni aliyekwisha kulipa asogeze tarehe. Wengine walifunga chumba wakapanda sukuma wiki na kufuga kuku.

Wako pia waliopokea wageni kwa siri. Mama, hatukulaumu, njaa haina subira. Lakini mgeni, watoto na nyanya wakitumia sebule moja na choo kimoja, ugonjwa ukiingia unawapata wote, na korona iliwaumiza zaidi wazee. Pesa za usiku mmoja hazitoshi kumtibu nyanya.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, lakini milipuko haikuisha. Julai 2024 ugonjwa wa mpox ulithibitishwa Kenya. Huo huambukiza kwa kugusana ngozi, na hata kupitia shuka na taulo za mgonjwa. Kwa hivyo, fanya haya:

Kwanza, mgeni akiondoka, fungua madirisha, hewa ipite kabla ya mwingine kuingia.

Pili, fua shuka na taulo kwa sabuni, zianike juani. Usizikung'ute ndani ya nyumba. Mtoto asilalie shuka za mgeni.

Tatu, weka maji na sabuni mlangoni.

Nne, andika jina la mgeni, simu yake na tarehe. Akiugua, wahudumu wa afya watajua nani wa kutafutwa.

Tano, mgeni mwenye homa, kikohozi au vipele, mwelekeze kituo cha afya. Mtoto wako akiwa na dalili hizo, mpeleke mapema.

Huenda mama mmoja anauliza, "Amri ikitoka tena, nitalisha watoto nini?" Swali la haki. Anza sasa. Kila mgeni akilipa, tenga kidogo, hata kama ni shilingi hamsini, uweke kwenye chama chenu. Akiba hiyo ndiyo itakayokupa nguvu ya kufunga mlango siku ya hatari.

Mgeni ni baraka, na afya ya nyumba ni baraka kubwa zaidi. Hadi tukutane tena, kumbuka: kinga ni bora kuliko tiba. Kwaherini.