Kimbunga, bendera tatu na ng'ombe mmoja

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, kimbunga kilipiga Bhola na visiwa vya jirani, katika pwani ambayo leo ni ya Bangladesh. Walikufa watu wasiopungua 300,000. Redio ilikuwa imetangaza, na wengi walisikia. Wakabaki majumbani.

Kilichowaua zaidi ni maji, si upepo. Ghuba ya Bengal huwa nyembamba na yenye kina kifupi kadiri unavyoelekea kaskazini. Upepo ukiyasukuma maji huko, hupanda na kumwagika nchi kavu. Na nchi yenyewe ni tambarare, haina kilima cha kukimbilia.

Kwa nini basi hawakuondoka? Wangekwenda wapi, na mali wamwachie nani? Familia yenye ng'ombe mmoja ikimpoteza, imepoteza maziwa, jembe la kulimia na dhamana ya mkopo kwa mpigo. Nyumba tupu nayo huita wezi. Anayeiita hali hii ukaidi hajawahi kuwa maskini.

Bangladesh ilianza kujibu maswali hayo miaka ya 1970 kwa mpango wa Serikali na Msalaba Mwekundu, ambao huko sasa ni Hilali Nyekundu. Leo mpango huo una watu wa kujitolea zaidi ya 70,000. Onyo likitoka, hutundika bendera nyekundu yenye mraba mweusi katikati: moja, mbili, kisha tatu hatari inapokuwa kubwa kabisa. Halafu huzunguka na vipaza sauti na ving'ora vya kuzungusha kwa mkono, wakigonga milango ya wazee na wagonjwa. (Ujumbe wa simu ni mzuri, lakini haumbebi bibi mgongoni. Tulio pwani ya kusini ya Tanzania, baada ya vimbunga Kenneth mwaka 2019 na Hidaya mwaka 2024, tulitafakari hilo.) Majengo ya kujihifadhia huinuliwa juu ya nguzo, na mengi huwa shule siku za kawaida, kwa hiyo kila mtoto anaijua njia. Kando yake hujengwa vichuguu vipana vya udongo kwa ajili ya mifugo.

Hata hivyo, katika kimbunga cha mwaka 1991 walikufa watu wapatao 138,000, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Baadhi walisubiri ruhusa ya mume. Wengine waliona haya kusongamana na wanaume wageni pasipo choo chao. Ndipo vikaongezwa vyumba vya wanawake, na nusu ya wanaojitolea sasa ni wanawake. Kimbunga Sidr, mwaka 2007, kiliua takriban 3,400. Mwaka 2020, kabla ya kimbunga Amphan, walihamishwa zaidi ya milioni 2, na waliokufa Bangladesh hawakufika 100.

Ila kunusurika si kupona. Kimbunga Aila kilipobomoa matuta ya kuzuia bahari mwaka 2009, maji ya chumvi yaliingia mashambani na katika mabwawa ya kunywa. Maelfu waliishi juu ya matuta hayo hayo zaidi ya mwaka, wakingoja yazibwe. Fedha za maafa huja haraka kwa chakula na mahema. Za kuziba tuta huchelewa, na msimu wa mpunga haungoji.