Maradhi ya Askari na Mashine Ipangayo Maandishi ya Tiba

Tangu Desemba 2007 vikosi vya Burundi vilitoka Bujumbura kwenda Mogadishu kulinda amani, bega kwa bega na wenzao wa Uganda. Wamo miongoni mwa wasomaji wetu waukumbukao ugonjwa ulioingia kambini humo Aprili 2009. Miguu ilivimba, pumzi zikawa fupi, moyo ukaelemewa. Hadi Mei 2010 askari 241 walikuwa wameugua, wasiopungua 52 walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda, na wasiopungua wanne walifariki.

Vipimo vya kwanza havikuonyesha kijidudu wala sumu. Ndipo wachunguzi walipobaini kwamba ugonjwa uliandamana na kula posho ya jeshi peke yake, pasipo chakula cha wenyeji. Ilikuwa beriberi, maradhi ya kukosa vitamini B1. Wagonjwa walipopewa vitamini hiyo walipona upesi mno. Wazima nao wakapewa, na vifo vikakoma.

Nayo beriberi si ngeni majeshini. Takaki Kanehiro, daktari wa jeshi la majini la Japani, aliishinda katika miaka ya 1880 kwa kubadili chakula cha mabaharia. Elimu ilikuwapo, ila imelala katika bahari ya maandishi.

Aliyeanza kuipanga bahari hiyo naye alikuwa mwanajeshi: John Shaw Billings, daktari wa jeshi la Marekani, aliyeanzisha faharasa ya Index Medicus mwaka 1879. Maktaba yake ya kijeshi ndiyo leo Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na orodha yake iitwayo PubMed ina makala zaidi ya milioni 35. Kwa miongo mingi wataalamu walisoma makala moja moja na kuipa vichwa vya mada. Tangu 2022 kazi hiyo hufanywa na kompyuta, na watu hukagua sehemu tu.

Siku hizi wataalamu hutumia modeli za lugha, mfano BioBERT ya mwaka 2019. Mashine hufichiwa neno katika sentensi, nayo hulibahatisha, mara mamilioni, hata ikazoea mwenendo wa maandishi ya tiba. Kisha huonyeshwa makala zilizokwisha kupangwa na binadamu, ikajifunza kuwaiga.

Makala ya ugonjwa wa Mogadishu, iliyotoka Desemba 2011, ilitaja beriberi katika anwani yake. Hapo mashine haipati taabu. Lakini tuseme daktari angaliandika mwaka 2009, chanzo kikiwa hakijajulikana, kwamba miguu ya askari yavimba. Mashine, ambayo kwa kawaida husoma anwani na muhtasari tu, yaelekea ingaliyaweka maandishi hayo kwenye rafu ya maradhi ya moyo, mbali na rafu ya lishe. Isitoshe, imejifunza zaidi kwa Kiingereza, ilhali madaktari wetu wengi huandika Kifaransa.

Kwa hiyo twaona kwamba ripoti za maradhi ya vikosini zastahili bado jicho la mtu aijuaye kambi. Na muuguzi wa kikosi aandikaye kwamba miguu ya askari imevimba, na aongeze mstari mmoja: wiki zile walikuwa wakila nini.