Wiski ya Scotland: Shayiri moja, ladha na bei mbalimbali

WEKA glasi mbili mezani, moja ya Glenlivet na nyingine ya Laphroaig. Ya kwanza inanukia matunda na asali. Ya pili inanukia moshi, mwani na dawa ya hospitali. Asiyejua atadhani zimetokana na mazao tofauti, kumbe zote ni shayiri, maji na hamira.

Chupa zote mbili zimeandikwa ‘Single Malt’. Kwa mujibu wa kanuni za Uingereza za mwaka 2009, wiski hiyo lazima itengenezwe kwa kimea cha shayiri pekee, ikenekwe katika kiwanda kimoja cha Scotland, ihifadhiwe humo humo nchini katika mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 3, na iwe na kilevi kisichopungua asilimia 40.

Tofauti inaletwa na namna ya kuitayarisha. Katika kisiwa cha Islay, inakotoka Laphroaig, kimea hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani udongo mweusi wa mabwawani uliotokana na mimea iliyooza. Huko Speyside, inakotoka Glenlivet, viwanda vingi havitumii moshi huo. Mapipa nayo yana lake: yaliyowahi kuhifadhi bourbon ya Marekani huacha utamu wa vanila, na yaliyohifadhi mvinyo wa sheri huacha ladha ya zabibu kavu.

Waonjaji hutumia glasi ndogo yenye mdomo mwembamba. Hunusa kwanza, hunywa funda dogo, kisha huongeza matone ya maji ili harufu zifunguke. Huanza na wiski nyepesi na kumalizia na ya moshi, kwani moshi hubaki ulimini. Rangi haiwadanganyi, kwa sababu kanuni zinaruhusu kuongeza rangi ya karameli.

Umri ulioandikwa kwenye chupa ni wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Kungoja ni gharama, maana karibu asilimia 2 ya wiski hupotea hewani kila mwaka ikiwa pipani. Lakini kungoja hulipa: mwaka 2023 chupa moja ya Macallan ya mwaka 1926 iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 2.

Kwa mkulima wa shayiri, mtihani huanza mapema zaidi. Watengeneza kimea hupima kama punje zinaota vizuri na kama zina naitrojeni kidogo. Shayiri ikishindwa, huuzwa kama chakula cha mifugo kwa bei ya chini.

Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro au Mbinga anaijua hali hiyo, kwani kahawa yake nayo huonjwa kabla ya kupewa bei. Asiyejua ladha ya zao lake hubaki kungoja neno la mnunuzi.